Ukingo wa mkaba: maneno ya kikundi cha ngozi mbele ya wanachama

  Tuliambiwa dakika kumi. Tunajua tutazipita, mtuvumilie.

Sisi ni kikundi cha ngozi. Tuko watu tisa, wamama watano na wababa wanne. Sita ni wa Masisi, watatu ni wa Walikale. Wengi wetu tulirudi mwezi wa pili wa 2025, wakati kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa na kila mtu akakunja bashe ya hema yake, akachukua sufuria na watoto, akashika barabara ya Sake. Wawili wetu walitoka mbali zaidi: mmoja Nakivale kule Uganda, mwingine Nairobi. Tulianza kazi ya ngozi juu hatukuwa tena na ng'ombe wala shamba la kulima mara moja, lakini mikono tulikuwa nayo.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa sita tulikopa dola 150 katika sanduku la chama, tukaahidi kurudisha mwezi wa tisa. Tulirudisha mwezi wa kumi na moja. Mmesikia maneno mengi juu ya ule muda. Wengine walisema tulikula makuta. Wengine walisema ngozi si kazi, tungenunua mbuzi. Leo tunapenda kuwaeleza vile ilikuwa, na mtashangaa, juu chanzo chote ni kitu cha upana wa milimita 4: ukingo wa mkaba. Ukingo ni ule upande mwembamba pale kisu kilipita, wenye si juu wala chini ya ngozi. Mtu akivaa mkaba hauangalii. Lakini akiwa sokoni, kabla hajauliza bei, anaushika na kupitisha kidole gumba pale pale.

Tulikata mikaba 40. Mfanyabiashara mmoja wa Goma alikubali kuichukua kwa dola 7 kila mmoja, akatupatia dola 100 za kwanza, zingine zingefuata akiisha kuuza. Tulifurahi kupita kiasi. Ngozi ilikuwa nzuri, mshono ulikuwa sawa. Ukingo tu ndio ulikuwa bado na manyoya, ule unyuzi unyuzi wa ngozi iliyokatwa, wa rangi ya udongo. Tulikuwa na haraka. Mmoja wetu, hatusemi nani na sisi wote tulikubali, akasema: tupake siraje nyeusi, ile ya viatu, itafunika. Tukapaka. Mikaba ikang'aa kama viatu vya siku ya misa. Tukaifunga ishirini ishirini, ikaenda.

Yule mfanyabiashara aliuza tisa. Kisha watu wakaanza kurudi kwake. Siraje ilikuwa inatoka. Mtu anavaa shati jeupe siku ya mungu, anatoka jasho, na shati linabaki na mstari mweusi kuzunguka kiuno chote. Mwalimu mmoja alikuja na shati mkononi akataka alipwe shati. Mikaba 31 ikarudi kwetu ndani ya mfuko wa mchele, na deni juu yake: tulikuwa tumepokea dola 100, yeye aliuza ya dola 63 tu, kwa hiyo tulibaki na dola 37 zake. Hana kosa. Sisi kwa nafasi yake tungekasirika zaidi.

Sasa tuwaambie kile tulipaswa kujua mbele ya kukopa hata franga moja.

Ngozi ni nyuzi. Si uzi mmoja unaopita wima kama kitambaa. Ni nyuzi ndogo sana zilizoshikana pande zote, kama mizizi ya majani ukingóa bonge la udongo. Ukikata, unazikata zote, na vichwa vyake vinabaki wazi. Ile njia wazi inanywa jasho, inanywa mvua, inashika uchafu, na kidogo kidogo inafunguka. Mkaba wa tabaka mbili unaanza kuachana pale pale. Kwa hiyo kumaliza ukingo si kupaka kitu juu ya zile nyuzi. Ni kuzilaza na kuzifunga zenyewe kwa zenyewe. Siraje ilizifunika tu, na kitu kilichofunikwa kinafunuka.

Mwenzetu wa Nairobi alikuwa amekaa karibu na soko la Kariokor, mahali wanashona sandali na mikaba ya ngozi mwaka mzima. Jina lile, alitueleza, linatoka kwa Carrier Corps, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia. Wazee wakasikiliza sana, juu hapa Kivu pia babu zao walibeba mizigo ya Wabeleji mpaka Tabora, 1916. Lakini turudi kwa ngozi. Yeye alikuwa anajua kazi ya ukingo, na alituambia toka mwanzo. Hatukumsikiliza. Tulisema ni mambo ya mji, ya watu wenye wakati. Tunasema hili mbele yenu juu ni haki yake lisikiwe.

Kazi inaanza kwa kisu. Kisu kikiwa butu, kinasukuma ngozi badala ya kuikata, ukingo unatoka umelala upande, na hakuna dawa baadaye. Simamisha kisu wima, kata mara moja, usirudie rudie. Tunanoa kila baada ya mikaba miwili. Kama ni tabaka mbili, kole ifike mpaka mwisho kabisa, kisha kata zote mbili pamoja ziwe kitu kimoja.

Baada ya kisu ni msasa, ile tunaita papie emeri. Tunaanza na namba 220, tunamaliza na 400. Izungushie kipande cha mbao bapa, usiishike kwa vidole, juu vidole vinachimba mashimo. Kisha ondoa ile pembe kali ya juu na ya chini. Kuko chombo chake, lakini kwetu hakipatikani. Tulichukua ufito wa mwavuli uliovunjika, wenye mfereji katikati, tukaunoa mdomo. Unafanya kazi. Unaisha makali haraka, ni kweli, lakini mwavuli mmoja una fito nane. Asiyekuwa na ufito atumie msasa kuivunja ile pembe mpaka iwe mviringo kidogo. Pembe kali ikiachwa ndiyo inapondeka ya kwanza, na ndiyo inakata tumbo la mwenye kuvaa.

Ukitaka rangi, ni sasa. Rangi ya ngozi ya maji au ya alkoli, inayoingia ndani, si inayokaa juu. Itie mbele ya nta. Sisi tulijaribu kinyume mara moja: tulitia nta, kisha rangi, na rangi ikakimbia kama maji juu ya jani la ndizi.

Halafu maji. Hapa watu wengi wanaharibu. Chovya kitambaa katika maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kikamue, pitisha kwa ukingo. Uwe na unyevu, usilowe. Ngozi iliyolowa inavimba na kufunguka kama uyoga, na maji yanapanda juu ya ngozi na kuacha doa. Ngoja kidogo mpaka ule weusi wa maji uanze kupungua. Ndipo chukua kipande cha mti mgumu uliochongwa mfereji mwembamba, au mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa laini, na usugue kwenda na kurudi. Haraka, lakini bila nguvu. Si mkono wa kukandamiza, ni mkono wa kupitia. Ile joto ya kusugua pamoja na unyevu ndiyo inalaza nyuzi. Mwanzoni kuko sauti ya kukwaruza. Kisha sauti inabadilika, inakuwa laini, mti unaanza kuteleza, na ukingo unatoka na giza la kung'aa, mgumu, kama mbegu. Mama mmoja wa kikundi anafanya kazi hii macho yake yakiwa kwa mtoto, anasikiliza tu.

Rudia: msasa mwembamba, unyevu, kusugua. Mara mbili inatosha kwa mkaba. Mara tatu kama ni kitu unachotaka mtu aoneshe wenzake.

Mwisho ni nta ya nyuki. Na hapa, wandugu wa Masisi, tupunguze sauti kidogo. Sisi wa milima tunazoea kusema ng'ombe ni wetu, maziwa ni yetu, fromaji ni yetu, mpaka Kinshasa wanajua fromaji ya Masisi. Ni kweli. Lakini nta ilitoka pori ya Walikale. Wenzetu watatu walituma maneno kwao, na watu waliovuna asali, wenye zamani walikuwa wanatupa masega yaliyokamuliwa, walikusanya. Ilichukua wiki tatu kufika. Ilitembea kwa kichwa, kisha kwa moto, kisha tena kwa kichwa pale daraja lilikuwa limeanguka, na kila bariere ilitaka kujua ni nini ndani ya mfuko. Ilifika nyeusi, na miguu ya nyuki ndani. Na mti tunaosugulia, kile kipande cha muvula, kilitoka kule kule.

Kusafisha nta: chemsha maji katika sufuria, tia nta ndani ya maji, iyeyuke polepole, chuja kwa kitambaa, acha ipoe usiku. Asubuhi nta iko juu kama sahani, uchafu umeshikamana chini yake, unaukwangua. Nta inayeyuka kwenye joto la digrii 62 mpaka 64, haiombi moto mkali. Usiiweke kamwe peke yake katika sufuria juu ya makala. Inashika moto, na ukiimwagia maji inaruka. Tuna sufuria moja yenye kumbukumbu ya somo hilo, na nyusi za mtu mmoja zilichukua mwezi kurudi.

Kipande cha nta unakipitisha kwa ukingo mkavu, kidogo tu, kisha unasugua kwa kitambaa kigumu. Jinzi ya zamani ndiyo bora, hata turubai inafaa. Sugua mpaka nta ipate joto na kuingia. Ukiisha, chukua kitambaa cheupe, sugua ukingo kwa nguvu, na ukiangalie. Kikibaki cheupe, mkaba unaweza kwenda sokoni. Hiyo sasa ndiyo sheria ya kikundi. Hakuna mkaba unatoka bila kitambaa cheupe, na anayekishika si yule aliyeufanya.

Kosa letu la pili tuliligundua tulipoanza kurekebisha. Mikaba mingine ilikataa. Tunasugua, tunasugua, ukingo unabaki na manyoya na laini kama sikio. Kumbe tulinunua ngozi ya namna mbili bila kujua. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti inakubali maji na kusuguliwa. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu haikubali. Hii ya kromu ilianza kupata nguvu toka 1884, mwaka Augustus Schultz alipopata hati ya njia yake kule New York, na leo ndiyo ngozi kubwa ya dunia, inakadiriwa 80 kwa 100 au zaidi. Si ngozi mbaya. Viatu vingi ni vyake. Ila ukingo wake unaomba kukunjwa na kushonwa ndani, au kuvishwa ukanda mwembamba. Kuitambua mbele ya kununua: angalia pale imekatwa, mara nyingi katikati kuko rangi ya samawati au kijivu, na weka tone la maji juu yake. Ya maganda inakunywa na kufanya doa jeusi, ya kromu inaliacha tone likae. Ngozi iliyopakwa rangi nzito juu inaweza kudanganya kwa tone, kwa hiyo jaribu upande wa nyuma. Siku hizi tunaenda kununua na chupa ya maji mfukoni. Wauzaji wanacheka.

Mtu atauliza: kwa nini tusitengeneze ngozi ya maganda sisi wenyewe, na akasia tuko nazo? Ni kweli, ile akasia watu wanapanda kwa kuchoma makala, ganda lake ndilo linafaa kabisa kwa ngozi. Wakenya wa Eldoret na Watanzania wa Njombe walijenga viwanda juu yake. Sisi ganda tunalitupa. Lakini kutengeneza ngozi kunaomba maji mengi, mashimo, miezi, na harufu ambayo jirani hatakusamehe. Kwa sasa tunasema hapana. Tulikwisha kuona kinachotokea tukifanya haraka.

Turudi kwa mikaba 31. Siraje ina nta na mafuta ndani yake. Maji hayakuweza kuingia. Hatukuwa na njia ingine ila kukata ukingo wote upya, pande zote mbili. Mikaba ilikuwa na upana wa milimita 40, ikawa 35, na bukle zikawa kubwa. Tukanunua bukle zingine. Ishirini na miwili ilikuwa ya ngozi ya maganda, tukaifanya kama tulivyowaeleza. Tisa ilikuwa ya kromu, hiyo tuliipasua kuwa kamba za sandali. Tulianza kwa kutumia saa moja na nusu kwa kila mkaba, ukingo peke yake. Sasa ni dakika arobaini. Kila jioni, wiki sita, na wakati ule ule mchana tunalima kwa watu.

Hesabu ni hii. Mikaba tisa ya kwanza, dola 63. Ile ishirini na miwili, mfanyabiashara aliikubali kwa dola 6 kila mmoja, ni 132. Alitoa dola zake 37, akatupa 95. Kamba za sandali, dola 18. Jumla ya yote, 213. Bukle mpya, msasa na usafiri wa nta vilikula 24. Kwa chama tulirudisha 150 pamoja na faida ya 15, ni 165. Zilibaki dola 24 kwa watu tisa, kwa kazi ya miezi mitano. Karatasi iko kwa mweka hazina, kila mtu anaweza kuisoma.

Kwa hiyo makuta ya chama hayakupotea. Lakini yalichelewa, na hapa ndipo tulitaka kufika.

Kuko mama mmoja kati yetu, ametuomba tusimtaje jina. Alikuwa kwenye zamu ya kukopa mwezi wa tisa, baada yetu. Alitaka mbegu ya maharagi. Alipokuja, sanduku lilikuwa tupu, juu makuta yake yalikuwa ndani ya mfuko wa mchele pamoja na mikaba yetu yenye siraje. Alitafuta mbegu kwa mtu, kwa mapatano ya kugawana mavuno nusu kwa nusu. Alilima, alipalilia, na nusu iliondoka. Sisi tulijua. Tulipita mbele ya shamba lake tukienda kusugua mikaba, tukamsalimia, hatukusema kitu.

Mama, tunasema leo mbele ya wote: tulikukosea. Dola 24 zilizobaki hatukuzigawana. Tumezileta, ziko ndani ya bahasha hii, na tunaomba komite ikupatie. Hazitoshi nusu ya shamba. Tumekubaliana kuongeza kutoka mauzo yetu yajayo mpaka mbegu ya msimu ujao ipatikane bila mtu kugawana nawe.

Na kwa wale waliosema tungenunua mbuzi, hatuna hasira. Tunaomba kitu kimoja. Mikaba mitatu inazunguka sasa katika mikono yenu, msiangalie bukle, pitisheni kidole pembeni. Ule wenye alama ya uzi mwekundu ni wa zamani, wa siraje, tuliuacha makusudi. Msiuguse mkiwa na nguo nyeupe. Ile mingine miwili ni ya sasa. Mfanyabiashara yule yule ameomba 25 mingine, na safari hii amekubali kurudi kwa dola 7. Hatuombi mkopo kwa hiyo. Ngozi ametanguliza yeye.

Wenye kutaka kujifunza, tunakutana siku ya kwanza na siku ya ine, saa nane, nyuma ya kanisa. Leta kipande cha jinzi ya zamani na mfupa wa mguu wa ng'ombe uliochemshwa. Nta iko. Wavulana wawili wameisha kujiandikisha, na bibi mmoja wa Pinga mwenye anasema macho yake hayaoni tena uzi wa sindano, lakini ukingo anausikia.